Shabiki wa Katuni Hana Haja ya Kuomba Radhi

Miongoni mwa rai zilizokita mizizi kiasi kwamba hakuna anayezidai ushahidi ni ile isemayo kuwa filamu za katuni ni za watoto, na kwamba mtu mzima anayezipenda, akazitazama na kuzirudia, akawajua kwa majina waliozichora na mwaka ambao kila moja ilitoka, ni mtu mwenye upungufu fulani: ama hakukua sawasawa, ama hana shughuli. Rai hiyo ina nyuso mbili. Uso wa kwanza ni wa dharau iliyo wazi, unaomwona shabiki kuwa ni mtoto mwenye ndevu. Uso wa pili hujidai kuwa ni utetezi, kwa maana hukubali kuwa katuni zina thamani, lakini thamani yenyewe huitafuta katika mafunzo: zimfundishe mtoto kuhesabu, kunawa mikono na kuwaheshimu wakubwa, na zikishafanya hivyo zimemaliza kazi yake. Hoja ya makala haya ni kwamba nyuso zote mbili zimekosea, na kwamba wa pili umekosea kwa namna inayodhuru zaidi, kwa sababu anayedharau huweza kujibiwa, ilhali anayetetea kwa hoja mbovu huiua kesi akiwa amekaa upande wa mshtakiwa.

Ni vyema kwanza kukiweka wazi kile kinachobishaniwa. Filamu ya katuni, ambayo wataalamu huiita kazi ya uhuishaji, ni filamu ambayo mwendo wake haukuwahi kutokea mbele ya kamera. Katika filamu ya waigizaji mtu hutembea kweli na kamera humnasa. Katika uhuishaji hakuna aliyetembea, bali kuna michoro, vikaragosi, vipande vya karatasi au maumbo ya kompyuta yaliyopangwa picha moja baada ya nyingine, na kila picha moja huitwa fremu. Filamu ya sinema hupitisha fremu 24 kwa sekunde, na mchoraji anayetaka kupunguza kazi hushikilia kila mchoro kwa fremu mbili, akahitaji michoro 12 tu kwa sekunde hiyo, jambo ambalo mtazamaji wa kawaida halioni ila mwili wake hulihisi, kwa sababu mwendo unakuwa mkavu na mkali zaidi. Maana yake ni kwamba katika filamu ya aina hii hakuna kinachotokea kwa bahati: kope ikipepesa, yupo aliyeamua ipepese, kwa fremu ngapi, na kwa nini. Kuuita ustadi huu wote wa watoto ni kuchanganya njia ya kutunga na umri wa wasikilizaji.

Historia yenyewe haiiungi mkono rai hiyo hata kidogo. Émile Cohl alipoonyesha Fantasmagorie mjini Paris mwaka 1908, filamu yenye michoro ipatayo 700 ambamo mtu wa mistari hukutana na vitu vinavyogeukageuka, kama chupa inayogeuka ua, watazamaji wake walikuwa watu wazima waliolipa kiingilio ukumbini. Mwaka 1918 Winsor McCay, mchoraji wa magazeti wa Marekani, alitoa The Sinking of the Lusitania, filamu fupi yenye michoro ipatayo 25,000 iliyosimulia kuzamishwa kwa meli ya abiria na nyambizi ya Ujerumani mwaka 1915, tukio lililoua watu 1,198 na ambalo hakuna kamera iliyolinasa. McCay aliichora meli ikilalia ubavu, moshi ukitanda, na watu wadogo kama nukta wakidondoka baharini mmoja mmoja. Hiyo ilikuwa habari ya vita na propaganda ya vita, na aliyeipeleka kwa watoto hajulikani. Mwaka 1926 Lotte Reiniger wa Ujerumani alimaliza kazi ya miaka mitatu ya kukata vivuli vya karatasi kwa mkasi na kutoa filamu ndefu ya Mwanamfalme Achmed, iliyochotwa katika visa ambavyo wasomaji wa Kiswahili wanavifahamu kwa jina la Alfu Lela Ulela. Hata Bugs Bunny na Daffy Duck, ambao leo hutajwa kama vielelezo vya utoto, walizaliwa katika filamu za dakika saba hivi zilizoonyeshwa sinema kabla ya filamu kuu, mbele ya hadhira iliyochanganyika, na waliozitengeneza wamekiri mara nyingi kuwa waliwafikiria kwanza wenzao waliokuwa nao chumbani.

Ilikuwaje basi hadi kila mtu akaamini kinyume chake? Jibu halimo katika asili ya katuni bali katika biashara ya Marekani, na inafaa kulifuata kwa utaratibu. Mwaka 1948 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliziamuru kampuni kubwa za filamu ziachane na majumba ya sinema zilizoyamiliki, na mtindo wa kumlazimisha mwenye sinema anunue filamu kubwa pamoja na mafungu ya filamu fupi ukakoma. Filamu fupi ikapoteza mlipaji wake. Kampuni ya MGM ilikifunga kitengo cha katuni mwaka 1957, na Warner Bros. wakafuata mwaka 1963, wakati ambapo televisheni ilikuwa imekwisha kuingia sebuleni na ilitaka saa nyingi za vipindi kwa fedha kidogo. William Hanna na Joseph Barbera, waliokuwa wametengeneza Tom and Jerry, iliyotwaa tuzo saba za Oscar, walihamia huko na kutumia namna ya kuchora kidogo. Hata hapo bado watoto hawakuwa walengwa pekee: The Flintstones ilianza Septemba 1960 katika saa za jioni za watu wazima, na mdhamini wake wa mwanzo alikuwa sigara ya Winston, kiasi kwamba lipo tangazo ambamo wahusika wake Fred na Barney wamejibanza nyuma ya nyumba wakivuta huku wake zao wakifanya kazi. Ni katikati ya miaka ya 1960 ndipo vituo vya televisheni vilipogundua kuwa asubuhi ya Jumamosi, saa ambayo haikuwa na mteja, ingeweza kuuzwa kwa watengenezaji wa peremende, nafaka za kifungua kinywa na vitu vya kuchezea, na katuni zikahamishiwa huko kwa wingi. Vipindi hivyo vikauzwa duniani kote kwa bei nafuu, vikafika Nairobi, Dar es Salaam na Kampala vikiwa vimekwisha kubandikwa lebo. Rai inayojidai kuwa ni hekima ya wazee, kwa hiyo, ni ratiba ya wauza matangazo iliyosahauliwa chanzo chake.

Shabiki analaumiwa hasa kwa kurudia. Husemwa kwamba mtu aliyekwisha kujua hadithi inavyoisha hana sababu ya kuitazama mara ya kumi isipokuwa uvivu wa akili. Lawama hii inaonyesha kwamba mlaumu hutazama hadithi tu, na kwamba hajaona kitu kingine chochote. Hakuna amshangaaye mpenzi wa taarab anayeusikiliza wimbo mmoja miaka thelathini, kwa kuwa inafahamika kuwa anachokirudia si habari ya wimbo bali jinsi fidla inavyoingia na pumzi ya mwimbaji inavyokatika. Shabiki wa katuni naye hurudia kwa sababu hiyohiyo, na chombo anachokirudia kimejaa kupita kiasi ambacho jicho linaweza kumaliza kwa mara moja.

Mfano mmoja wa karibu unatosha. Katika Duck Amuck, filamu fupi ya mwaka 1953 iliyoongozwa na Chuck Jones, bata Daffy anaingia akiwa amevaa kama askari wa upanga wa Kifaransa, anasonga mbele akipiga upanga hewani, na ghafla mandhari ya nyuma yake inakwisha. Amebaki juu ya weupe mtupu. Analalamika kwa mchoraji asiyeonekana, naye anachorewa shamba. Akirudi na mavazi ya mkulima, anakuta theluji. Akivaa mavazi ya theluji, anakuta kisiwa cha joto. Baadaye anafutwa kwa ufutio mwili mzima, anapokonywa sauti, anapewa gitaa lenye mlio wa bunduki, anachorwa upya katika umbo la mnyama asiyejulikana, na hata kingo za skrini zinamwangukia kama paa bovu. Mtazamaji wa mara ya kwanza hucheka, na hilo ni sawa. Mtazamaji wa mara ya sita hugundua jaribio linaloendeshwa ndani ya kicheko: kila kinachomtambulisha mhusika kimeondolewa kwa zamu, mwili, sauti, mahali, kazi, na bado ni yuleyule, kwa sababu kilichobaki ni namna ya kukasirika. Swali la nini hasa humfanya mtu awe yeye, ambalo wanafalsafa wamelijazia vitabu, linachezwa hapo kwa dakika saba na bata mwenye hasira, na lau mwandishi wa riwaya angelifanya jambo hilo kwa ustadi uleule angealikwa vyuoni kulieleza.

Kuna ujuzi mwingine wa shabiki ambao huchekwa kwa sababu ni wa mambo madogo. Yogi Bear, dubu wa Hanna na Barbera wa mwaka 1958, huvaa kola na tai ingawa hana shati. Shabiki anajua kwa nini: mstari wa kola huwezesha kichwa kichorwe peke yake juu ya mwili ule ule usiosogea, hivyo dubu akiongea huhitajika mdomo na kichwa tu, na michoro mingi huokolewa. Anayeijua tai hiyo anajua historia ya bajeti, ya ajira za wachoraji na ya mabadiliko ya kutoka sinema kwenda televisheni, yote yakiwa yamefungwa shingoni mwa dubu mmoja. Kuuita ujuzi wa namna hii utoto ni ajabu, hasa unapotoka kwa watu wanaoweza kutaja kikosi kizima cha timu ya mpira ya msimu uliokwisha zamani wala wasione haya, na kwa haki kabisa.

Yapo mapingamizi mazito zaidi, na lililo zito kuliko yote ni kwamba sehemu kubwa ya tamthilia za katuni ni taka. Hili ni kweli na halina haja ya kupunguzwa makali. Katika miaka ya 1980, baada ya serikali ya Marekani kulegeza masharti ya matangazo katika vipindi vya watoto, zilitengenezwa tamthilia nzima kwa ajili ya kuuza sanamu za plastiki. He-Man, iliyotoka mwaka 1983, ilifuata sanamu za kampuni ya Mattel, wala haikutangulia. Michoro ilirudiwa kutoka kipindi hadi kipindi, na mwishoni akatokea mhusika kutoa nasaha, kana kwamba nasaha ingesafisha biashara. Lakini pingamizi hili, likitazamwa vizuri, linamwangukia aliyelitoa. Anayejua kuutofautisha mwendo uliokopwa na mwendo uliochorwa ni shabiki. Anayemwachia mtoto televisheni bila kuuliza, kwa kuwa ni katuni tu, ni yule mwenye rai ya kwamba zote ni moja.

Tena rai hiyo, inayojidai kuwalinda watoto, ndiyo inayowahatarisha. Fritz the Cat ya Ralph Bakshi, iliyotoka mwaka 1972, ilipewa nchini Marekani daraja la filamu zisizoruhusiwa kabisa kwa watoto, nayo ni katuni ya paka. Hotaru no Haka, yaani Kaburi la Vimulimuli, aliyoiongoza Isao Takahata mwaka 1988, inaanza na kijana anayekufa kwa njaa sakafuni mwa kituo cha treni mjini Kobe mwaka 1945, na mfagiaji anayetupa gizani kopo la peremende lililokutwa kwake; kopo linafunguka na vipande vya mifupa ya mdogo wake wa kike vinamwagika. Filamu hiyo ilitoka siku moja na Totoro ya Hayao Miyazaki, studio moja, katika onyesho moja, na Totoro ni filamu ambayo mtoto wa miaka mitano huifurahia bila shida. Mzazi anayeamini kuwa katuni ni aina moja ya kitu hana chombo cha kuzitenganisha hizo mbili.

Wala haifuati kwamba kilichotengenezwa kwa watoto ni cha kitoto. Avatar: The Last Airbender ilirushwa na kituo cha watoto cha Nickelodeon kati ya mwaka 2005 na 2008, vipindi 61, nayo ni tamthilia inayoanza na taifa zima lililokwisha kuangamizwa na mvulana mmoja aliyesalia, ambaye hatia yake ni kwamba hakuwepo. Watengenezaji wake, Michael Dante DiMartino na Bryan Konietzko, walimwajiri mwalimu wa mapigano, Sifu Kisu, na watu wa kila taifa wakapewa mapigano ya shule moja ya Kichina: wanaoongoza maji husogea kwa taijiquan, wanaoongoza moto kwa shaolin ya kaskazini, wa ardhi kwa hung gar, wa hewa kwa baguazhang ya kuzunguka. Toph, msichana kipofu, anapigana kwa mtindo tofauti na wenzake wote wa ardhi, kwa miguu iliyofungamana na udongo, kwa sababu miguu ndiyo macho yake. Hakuna mhusika anayesimama kuzitaja shule hizi. Zimo katika vifundo vya miguu, na mashabiki ndio waliozitazama vifundoni.

Sasa ugeukiwe uso wa pili wa rai inayopingwa, ule wa mafunzo. Kalunguyeye katika Ukungu, filamu ya dakika kumi ya mwaka 1975 iliyotengenezwa Moscow na Yuri Norstein pamoja na mkewe, mchoraji Francheska Yarbusova, ina kisa hiki: kalunguyeye anakwenda jioni kwa rafiki yake, mtoto wa dubu, ili wanywe chai na kuhesabu nyota, njiani anamwona farasi mweupe ndani ya ukungu, anajiuliza kama farasi huyo akilala atazama humo, anashuka kutazama, anapotea, anatumbukia mtoni, kitu asichokijua kinambeba hadi ufukweni, anafika. Dubu anaongea bila kukoma kwa furaha na wasiwasi, na kalunguyeye amekaa kimya akimfikiria farasi. Mtu wa mafunzo atauliza hapa funzo ni lipi. Kwamba watoto wasitembee usiku? Kwamba rafiki ni muhimu? Lolote atakalolitaja litakuwa dogo kuliko filamu, kwa sababu filamu imejengwa kwa ajili ya kitu kingine, yaani ukungu wenyewe, ambao Norstein aliupata kwa kuweka karatasi nyembamba mno juu ya mchoro na kuiinua kidogo kidogo kuelekea kamera, fremu baada ya fremu, hadi mnyama aliyekuwa wazi akawa kivuli, na kivuli kikawa dhana. Hofu inayogeuka mshangao imetengenezwa kwa karatasi na mkono. Anayeipenda filamu hiyo anakipenda kitu hicho, na hana deni la kumtafutia mtu yeyote nasaha.

Madai ya mafunzo yameota sana Afrika Mashariki, na yana sababu zinazoeleweka, kwa kuwa fedha za kutengenezea katuni huku mara nyingi hutolewa na wafadhili wa elimu. Ubongo Kids, iliyoanza Dar es Salaam mwaka 2014, inafundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili na inafanya kazi hiyo vizuri. Kosa ni la wale wanaoiona kuwa kikomo. Tinga Tinga Tales, iliyochorwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa mwaka 2010, ilichukua sura ya picha za rangi za mafuta zilizoanzishwa Dar es Salaam na Edward Saidi Tingatinga, wanyama wenye madoadoa na macho makubwa, na ikazielekeza moja kwa moja kwa watoto wa chekechea, ingawa picha zenyewe tangu mwanzo ziliuzwa kwa watu wazima. Jambo hili linashangaza zaidi likikumbukwa kwamba katika magazeti ya eneo hilihili katuni ni mambo ya wakubwa: Gado na Masoud Kipanya wamewachora marais na mawaziri kwa miaka mingi, na msomaji aliyekomaa hufungua ukurasa huo kabla ya tahariri. Inaonekana mchoro ukikaa kimya kwenye karatasi ni siasa, ukianza kutembea ni mchezo wa mtoto.

Moustapha Alassane wa Niger hakulikubali hilo tangu mapema. Filamu yake fupi ya mwaka 1966, Bon voyage, Sim, inamhusu rais wa jamhuri ya vyura anayefunga safari ya kumtembelea rais mwenzake, akapokewa kwa magwaride na heshima zote, na anaporudi nyumbani anakuta kiti si chake tena. Ni dakika chache za wino, zilizotolewa katika mwongo ambao marais wa bara hili waliondolewa hivyohivyo. Mwaka 2023 lilitoka kundi la filamu fupi kumi za waongozaji wa Kiafrika chini ya jina la Kiswahili, Kizazi Moto, na miongoni mwao alikuwamo Ng'endo Mukii wa Kenya, ambaye mwaka 2012 alikuwa amekwisha kutoa Yellow Fever, filamu fupi juu ya wanawake wanaojichubua ngozi kwa mkorogo. Humo miili ya wachezaji ngoma inasogezwa fremu kwa fremu, ikishtuka na kukatika kwa namna ambayo mwili wa kawaida hauwezi, na michoro inaingia juu yake, hadi ngozi inaanza kuonekana kama kitu ambacho mwenyewe anajaribu kukivua. Asemaye kuwa katuni ni za watoto ana wajibu wa kumtaja mtoto aliyekusudiwa na filamu hiyo, na asemaye kuwa ni za mafunzo aeleze kwa nini onyo ambalo lingeenea kwenye bango la zahanati kwa mstari mmoja lilihitaji mwili wa mtu uvunjwevunjwe na kuungwa tena mara kadhaa kwa kila sekunde.